Damu ya Mzee

Najua tofauti kati ya chungwa la treni za Ireland la 1972 na chungwa la mwishoni mwa miaka ya 1980. Hilo la pili lina mistari myeupe, na wapenzi wa reli wa huko wameipa jina Tippex, ile rangi ya kufutia wino. Najua injini ya dizeli ya aina ya 071, iliyoundwa Marekani na General Motors, ukiipunguza mara 76 inabaki na urefu wa kama sentimita 23, yaani inatosha kwenye sahani ya wali. Ireland kwenyewe sijafika. Hata Kisumu sijafika.

Haya yote nimeyajulia Makwasinyi, chini ya mlima Kasigau. Kama hupajui: unashuka Maungu kwenye barabara kuu ya Mombasa, unatafuta gari au boda, unakula vumbi jekundu mpaka meno yanabadilika rangi, na mlima ukishaanza kukuinamia jua umekaribia. Nilirudi hapa baada ya kuacha chuo mwaka wa tatu. Deni la karo lilikuwa limefika mahali ambapo hata harambee ingeona aibu. Nilijaribu kubaki Nairobi nikiandikia watu mtandaoni: maelezo ya magodoro, makala za mawakili wa Texas, chochote. Kodi ikanishinda. Huku nina sola ya kuchaji, nina mwarobaini wa kukaa chini yake, na kuna jiwe moja nyuma ya boma ambapo mtandao unashika vizuri kabla ya saa nne asubuhi.

Kazi ya treni ililetwa na mtu wa kati ambaye sura yake sijawahi kuiona. Maelezo 40 ya injini ndogo za dizeli, kila moja maneno 150, za kuuzwa kwa watu wazima. Narudia: watu wazima. Wana vyumba ambamo wamejenga stesheni nzima juu ya meza, na miti, na taa zinazowaka. Injini yenyewe ina chipu tumboni na spika ndogo, na ukiiwasha inanguruma kwa sauti iliyorekodiwa kutoka kwa injini halisi. Nembo na nambari zinachapishwa ubavuni kwa herufi ambazo huwezi kuzisoma bila lenzi. Moja inauzwa zaidi ya yuro 150. Mimi kwa maelezo yake nilikuwa napata nauli ya kwenda Maungu na kurudi, na chenji ya bando.

Kinachonunuliwa hasa ni rangi. Umbo ni lilelile, lakini mtu mmoja ananunua injini tano kwa sababu kila moja ina rangi, mistari na nembo za miaka yake. Nilipotaka kumweleza babu, nilitafuta neno nikakosa, mwishowe nikasema sare. Treni zina sare, na zinabadilisha sare kama wanafunzi wanaohamishwa shule. Alielewa papo hapo. Wewe uliyekulia Nairobi labda utaelewa kwa matatu: ile ya kabla ya 2004, Michuki hajaleta mstari wa manjano, na ile ya baada. Kama unaweza kutazama picha ya matatu na kukisia ni ya miaka gani kwa michoro tu, basi wewe na yule mzee wa Dublin mnaugua ugonjwa mmoja.

Niliyoipenda zaidi ni injini ya aina ya A. Ziliundwa 60 na kampuni ya Metropolitan-Vickers ya Manchester, mwaka wa 1955 na 1956, ili Ireland iachane na mvuke. Zikapakwa rangi ya fedha. Rangi ya fedha, jamani, kwa mashine inayotema mafuta na moshi kutwa! Zilichafuka upesi. Wakapaka kijani, baadaye nyeusi na rangi ya mchanga, halafu ndio likaja chungwa. Mashine za Crossley zilizokuwa ndani nazo zilisumbua mpaka wakaamua kuziondoa na kuweka za General Motors. Leo unaweza kununua ile ya fedha ikiwa ndogo na safi, inang'aa vile ambavyo ile kubwa iling'aa kwa muda mfupi tu. Halafu kuna hili lililonichekesha: reli ya Ireland ina upana wa milimita 1600, lakini injini hizi ndogo zinatembea kwenye reli ya milimita 16.5. Zidisha mara 76 uone. Inapungua sentimita 35 hivi. Wanajua, na wengi wanaendelea tu. Watu wanaokagua mstari wa rangi kwa lenzi wanafumbia macho theluthi ya mita ya chuma.

Nilipofikisha maelezo ya kumi, mtu wa kati akaandika: kazi ni safi, lakini haina joto. Andika kama mtu aliyeziona treni hizi utotoni.

Sasa utoto wangu na treni ni hivi. Wavulana wa hapa walikuwa wanaunda magari ya waya, na mimi nikang'ang'ania kuunda treni: mikebe ya Kimbo, magurudumu ya vifuniko vya soda, mabehewa ya pakiti za maziwa. Treni halisi niliiona tukienda Voi. Ile ya zamani ya abiria, ya reli ya mita moja, ilimalizika Madaraka Express ilipoanza mwaka wa 2017. Hayo hayatoshi kuuza kitu cha yuro 150. Kwa hiyo nikakopa utoto wa mtu mwingine, na hata haukuwa utoto, ulikuwa ujana wa babu.

Babu alikuwa kwenye genge la kutunza reli karibu na Maungu tangu 1964, enzi za East African Railways and Harbours, shirika la Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja. Kazi yake ilikuwa kukaza bolti, kuinua mataruma, kupanga kokoto. Anasema treni ya asubuhi unaijua kwanza kwa nyayo: unakanyaga chuma, chuma kinawasha kama ganzi, na sauti bado haijafika. Halafu hewa juu ya reli inaanza kucheza. Halafu ndio unaona kichwa, na dereva kiwiko nje dirishani kama mtu anayepita kwa shangazi yake.

Nikachukua yote hayo. Nikatoa vumbi nikaweka ukungu, nikatoa genge nikaweka baba na mtoto wamesimama stesheni ndogo, mtoto anahisi ardhi inatetemeka kabla ya kusikia chochote. Jibu lilikuja siku hiyohiyo: hapo sasa umefika, andika zote namna hiyo. Zile thelathini zilizobaki zikaandikwa na nyayo za babu.

Jioni moja nilimsomea mojawapo, nikitafsiri polepole. Alisikiliza hadi mwisho.

"Hiyo treni ni ya wapi, mke wangu?"

"Ya Ireland, babu."

"Wacha uongo. Hiyo ni ya saa kumi na mbili ya Maungu."

Nikamweleza kazi ilivyo. Akauliza wamenilipa ngapi. Nikamtajia. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza fungu lake liko wapi, na hakuwa anatania sana. Nilimnunulia sukari kilo mbili na majani ya chai. Deni, kwa hesabu yake, bado halijaisha.

Usidhani babu anaipenda reli vile yule mzee wa Dublin anavyoipenda yake. Mwaka wa 1915 Waingereza walikuwa wanajenga reli kutoka Voi kuelekea Taveta, ya kupeleka jeshi kupigana na Wajerumani waliokuwa upande wa pili, Tanzania ya leo. Wajerumani nao walikuwa wanavuka nyika kwa miguu, wanakuja kulipua reli ya Mombasa. Angalia ramani uone Kasigau iko wapi: katikati ya mpaka na reli. Waingereza wakawatuhumu watu wa mlima huu kwamba wanawasaidia Wajerumani. Wakawaondoa wakawapeleka Malindi, watu waliozoea baridi ya mlimani, wakatupwa kwenye joto na homa za pwani. Wengi walifia huko. Walionusurika na watoto wao hawakurudi Kasigau hadi miaka ya 1930. Mama yake babu alizaliwa uhamishoni. Jina la Malindi kwetu si la hoteli.

Na mtoto wa mama huyo ndiye aliyeenda kukaza bolti za reli ileile. Nilimuuliza aliwezaje. Akasema mshahara ulikuwa unakuja mwisho wa mwezi, kila mwezi, na mvua haikuwa inakuja hivyo.

Mji uleule wa Manchester, na miaka ileile ya 1955 na 1956, kiwanda cha Beyer Peacock kilikuwa kinaunda injini 34 za kuletwa kwetu. Hizi zilikuwa za mvuke, aina ya 59, kubwa na zenye nguvu kuliko injini nyingine yoyote ya mvuke iliyowahi kutembea kwenye reli ya mita moja. Yaani Ireland inanunua dizeli, sisi tunanunua mvuke, mji mmoja. Zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Mbili ziko kwenye Makumbusho ya Reli Nairobi, Mount Gelai na Mount Shengena. Nenda ukazione, rangi yake ni ile nyekundu iliyokolea ambayo Kiswahili kinaiita damu ya mzee. Shengena ni mlima wa Upare, majirani zetu kabisa ng'ambo ya mpaka. Nikapitia majina yote 34. Longonot ipo, Suswa ipo, Kilimanjaro bila shaka. Kasigau haimo.

"Watutoe mlimani halafu wauandike mlima kwenye treni?" babu akasema. "Hata wao wana haya."

Yeye mvuke aliupenda kwa sababu moja tu. Treni ikisimama, genge lilikuwa linaomba maji ya moto kutoka kwa injini, wanatia majani ya chai, wanakunywa. Dizeli za English Electric zilianza kufika mwaka wa 1960, na kila zilivyozidi, maji yakapungua. Maendeleo yote ya reli, kwa babu, ni hadithi ya chai kupoa. Lakini rangi ya dizeli hizo anaikumbuka: damu ya mzee, na mstari ukipita ubavuni.

Ndipo nikaanza kuunda moja. Kazi ya yule mtu wa kati iliisha, mikono ikabaki na mazoea. Sina plastiki ya kumimina wala chipu. Nina bati la mikebe, mkasi wa kukatia mabati, gundi, na picha chache kwenye simu. Sikufuata kipimo cha 76, nimefuata urefu wa bati nililopata. Sijui kama duka lolote duniani linauza injini ya genge la Maungu, na kusema kweli sikutafuta kwa bidii. Simba wa Tsavo tunajua walikoishia. Aliwapiga risasi mwaka wa 1898 Patterson, mzaliwa wa Ireland huyo, akijenga daraja la reli, na leo wako ndani ya kioo kule Chicago. Kuna vitu nisingependa kuvikuta kwa watu wengine kwanza.

Umbo lilichukua wiki mbili. Rangi imechukua miezi. Kwenye duka la vifaa Voi wanauza kopo la maruni. Babu alilitazama akasema hiyo ni sweta ya shule. Nikachanganya na nyeusi, akasema hiyo ni ini. Nikachanganya na vumbi letu lililochekechwa kwa kitambaa, na hapo akasogea karibu. Anaamini mabosi wa reli walichagua rangi hiyo kwa ajili ya Voi, kwamba vumbi la huku halionekani juu yake, tofauti na wale wa Ireland na fedha yao. Mimi siamini, lakini sikumbishia. Mwishowe alichovya kidole, akapaka kwenye ukucha wa dole gumba, akaenda nao juani, akarudi. "Ndiyo hii. Ikiwa imeoshwa na mvua."

Umebaki mstari. Babu anasema ni wa manjano. Rafiki yake wa Rukanga, waliyekuwa naye kwenye genge moja, anasema ni rangi ya maziwa, na kwamba manjano ya babu ni moshi tu uliokaa. Picha za kwenye simu zimefifia kiasi kwamba kila mmoja anaona anachotaka. Rafiki huyo alikuja Jumamosi kwa boda, wazee wawili wakakaa chini ya mwarobaini na bati langu katikati yao, wakabishana mpaka mbuzi wakarudi. Wakataja majina ya madereva. Wakataja siku ambayo ndovu alilala kwenye reli. Mstari haukuamuliwa. Amesema atarudi na mwingine anayejua zaidi, kama bado yuko hai.

Kabla ya kuondoka aliiinua injini, akaigeuza juu chini, akatafuta kitu kwa kidole.

"Maji ya chai yanatokea wapi?"

"Hii ni dizeli, babu," nikamwambia.

Akairudisha dirishani.