Nafasi ya Sala katika Maisha ya Mkristo

Panapozungumzwa utamaduni wa taifa letu, aghalabu mawazo ya watu huenda kwenye ngoma, hadithi, mavazi, vyakula na ufundi wa mikono. Ni haki yawe hivyo, kwani hayo ndiyo yaonekanayo kwa macho na kusikika kwa masikio. Lakini utamaduni wa watu haukomi hapo. Namna watu wanavyoianza siku yao, wanavyompokea mtoto anapozaliwa, wanavyoketi mbele ya chakula na wanavyowazika wafu wao, hayo nayo ni utamaduni. Na katika nyumba nyingi za Tanzania nyakati hizo zote ni nyakati za sala. Katika makala haya tunakusudia kuitazama sala ya Mkristo: ni kitu gani, imekaaje katika maisha yetu, na inamdai nini yule anayesali. Swali hili la mwisho ndilo kubwa, kwa kuwa, kwa maoni yetu, sala isiyomdai kitu mwenye kusali ni maneno matupu.

Tuanze na neno lenyewe. "Sala" ni neno lenye asili ya Kiarabu, lililopokewa katika Kiswahili cha pwani zamani. Waislamu walilitumia kwa ibada yao ya mara tano kwa siku. Wakristo walipokuja walilikuta, wakalichukua, wakalitia maana ya imani yao, kama walivyofanya kwa maneno "ibada", "dua" na "dhambi". Pembeni yake liko neno la Kibantu, "kuomba", ambalo hutumika kwa mtu anayeomba chumvi kwa jirani, na pia kwa mtu anayemwomba Mungu mvua. Hivyo Mkristo wa Tanzania anapopiga magoti, ulimi wake umekwisha kukiri kwamba hayuko peke yake duniani. Hata maneno ya kusemea na Mungu wake ameyapata kwa jirani.

Wala haifai kudhani kwamba wazee wetu walifundishwa na wageni kumwomba Mungu. Wachaga walimwita Ruwa, Wahaya walimwita Ruhanga, na makabila mengi ya kati na mashariki yalimjua kwa jina la Mulungu. Walimwomba wakati wa ukame, wakati wa uzazi, kabla ya safari na baada ya mavuno. John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya, alikusanya sala za namna hiyo kutoka sehemu mbalimbali za Afrika, akazitoa katika kitabu mwaka 1975. Anayezisoma huona mara moja kwamba hazikuwa maneno ya watu wasiomjua Mungu. Jambo jipya lililoletwa na Injili halikuwa kule kumwomba Mungu. Lilikuwa ni kumwomba kwa jina la Yesu Kristo na kwa kufuata mfano wake.

Mfano huo ni upi? Injili zasimulia kwamba Yesu aliamka kabla ya mapambazuko, akaenda mahali pasipo na watu kusali. Alikesha katika sala kabla ya kuwachagua mitume kumi na wawili. Katika bustani ya Gethsemane, usiku wa kuamkia mateso yake, alimwomba Baba amwondolee kikombe cha mateso, kisha akayakabidhi mapenzi yake kwa mapenzi ya Baba. Kwa hiyo sala kwake haikuwa njia ya kuikimbia kazi iliyokuwa mbele yake. Ilikuwa ndiyo njia ya kuiendea.

Wanafunzi walipotaka kufundishwa kusali, alifundisha sala fupi ambayo Wakristo wote wa dunia wanaijua, nasi huiita Baba Yetu. Tukiichunguza sala hiyo, hatuoni mahali popote ambapo mwenye kusali hujitaja peke yake. Yote husemwa kwa wingi. Kiswahili hulidhihirisha jambo hili kuliko lugha nyingine nyingi, maana kiambishi cha wingi kimo ndani ya kitenzi chenyewe na hakiwezi kutolewa. Mtu aweza kuwa peke yake chumbani, usiku, mlango umefungwa; hata hivyo hataweza kuuomba mkate wake bila kuuomba na wa jirani. Na akiisha kumwombea jirani chakula alfajiri, atamnyimaje mchana?

Hata hivyo, sala hii haikufika katika vinywa vyetu bila jasho. Huko Unguja, soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873, wamisionari wa Kianglikana walijenga kanisa kuu mahali pale pale, Mkunazini. Askofu Edward Steere, aliyeusimamia ujenzi huo, ndiye pia aliyefanya kazi kubwa ya kuyatafsiri Maandiko na sala kwa Kiswahili hadi alipofariki mwaka 1882. Hivyo mahali walipouziwa binadamu pakawa mahali pa kusali, tena kwa lugha waliyoielewa wengi. Kwa Wakatoliki safari ilikuwa ndefu zaidi. Misa ilisomwa kwa Kilatini, na wazee wetu walitusimulia jinsi walivyosali rozari kimyakimya huku padre akiwapa mgongo. Ni baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika kuanzia mwaka 1962 hadi 1965, ndipo Misa ilipoanza kusomwa kwa Kiswahili na ngoma na kayamba zikapata nafasi kubwa kanisani. Tangu hapo bibi kizee asiyejua kusoma aliitikia akijua anachokiitikia.

Sisi tuliokulia Mkoa wa Ruvuma tulilelewa karibu na mapokeo ya Wabenedikto, waliofungua misheni ya Peramiho mwaka 1898. Kanuni yao hujulikana kwa maneno mawili: sala na kazi. Tuliiona kanuni hiyo kabla hatujaisikia ikitajwa. Saa sita mchana kengele ya kanisa ilipolia, watu waliokuwa shambani waliliweka jembe chini, wakavua kofia, wakasali Malaika wa Bwana, kisha wakalishika jembe tena. Sala hiyo haikuchukua dakika tano, wala haikulima hata tuta moja. Lakini ilimkumbusha mkulima kwamba mvua haitoki mkononi mwake. Nalo jembe lilipomrudia mkononi lilimkumbusha kwamba mahindi hayapaliliwi kwa maneno. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mkristo huinama mara mbili: mbele ya Mungu wake na juu ya kazi yake, na anayekataa mojawapo ya miinamo hiyo hakipati cha mvunguni.

Hayati Mwalimu Julius Nyerere, aliyejulikana kwa kuhudhuria Misa kwa bidii hadi mwisho wa maisha yake mwaka 1999, alilieleza jambo hili mbele ya masista wa Maryknoll huko New York mwaka 1970. Aliwaambia kwamba Kanisa halina budi kuwa upande wa maskini na kushiriki katika kuyaondoa mambo yanayoidunisha hali ya binadamu. Wako waliostaajabu kwamba mtu wa sala alisema maneno makali namna hiyo. Sisi hatuoni ajabu. Anayesali kwa wingi asubuhi hana budi kutenda kwa wingi mchana.

Lakini liko swali ambalo hakuna mwenye kusali awezaye kulikwepa: nini maana ya sala isiyojibiwa? Katika kijiji chetu mama mmoja aliuguliwa na mtoto. Mtoto alipelekwa zahanati, akapewa dawa. Nasi majirani tulikusanyika nyumbani kwake jioni tatu mfululizo tukasali. Siku ya nne mtoto akafariki. Baada ya maziko mama yule aliendelea kuja katika jumuiya yetu ndogo ndogo, lakini hakufumbua kinywa. Aliketi mkekani, akasikiliza, akaondoka. Hapana aliyemkemea, wala aliyemwambia kwamba imani yake ilipungua. Tulisali kwa niaba yake, kama vile watu wanavyombebea mzigo aliyechoka njiani. Mwaka ulikaribia kwisha ndipo jioni moja, alipougua mtoto wa jirani mwingine, yeye ndiye aliyeanza sala.

Hatudai kwamba hilo ni jibu la swali letu. Tunachosema ni kwamba sala ya wengi haikumrudisha mtoto, lakini haikumwacha mama peke yake. Maaskofu wa Kikatoliki wa Afrika Mashariki na Kati, walipokutana mwaka 1976 na kukazia ujenzi wa jumuiya hizi zinazokutana majumbani, bila shaka waliliona hitaji la namna hii. Kanisa kubwa huweza kumhesabu mtu miongoni mwa mamia bila kumjua. Mkeka wa jirani hauwezi.

Kwa sababu hiyo inatupasa kuzungumza waziwazi juu ya sala inayofanywa biashara. Siku hizi, hasa mijini, wako wanaouza maji, mafuta na vitambaa kwa jina la maombi, na wako wanaowashauri wagonjwa waache dawa. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walipoteza maisha katika msongamano walipokimbilia kukanyaga mafuta yaliyosemwa kuwa ya upako. Hatuwacheki marehemu hao. Walikwenda na shida zao, na shida ni za kweli. Lakini mahali ambapo kila mmoja hukimbilia baraka yake, hapo wingi wa Baba Yetu umekwisha kusahauliwa, na jirani amegeuka kuwa kizuizi njiani.

Tukumbuke pia kwamba hata wimbo wetu wa taifa ni sala. Enoch Sontonga, mwalimu na mwongozaji wa kwaya wa Afrika ya Kusini, aliutunga wimbo ambao ndio asili yake mwaka 1897, na Tanganyika ikauchukua kwa maneno ya Kiswahili ilipopata uhuru mwaka 1961. Serikali yetu haina dini, lakini wananchi wenye dini mbalimbali husimama pamoja na kuuimba, nao huomba kwa ajili ya wote.

Basi, ndugu msomaji, sala kwa Mkristo si pambo la Jumapili wala si dawa ya kununuliwa. Ni ahadi anayoiweka mbele ya Mungu kila siku. Anayeomba chakula cha wote ameahidi kugawa. Anayeomba kusamehewa ameahidi kusamehe. Anayemwombea mgonjwa ameahidi kwenda kumtazama. Tunapomaliza kusema Amina, ndipo zamu yetu inapoanza.