Dende wa pili

Hapa Nyarushishi vijana huniomba mpira, daftari, kazi. Huyu wa miaka 15 aliniomba nikae naye akiongea na wazazi wake. Alitaka dende wa pili, yule mnyama ambaye Watanzania humwita simbilisi.

Wa kwanza alitoka naye Kamanyola ndani ya katoni, wakavukia Bugarama. Kwetu Kivu ya Kusini dende ni mboga, na ni karo ya shule. Kwake ni rafiki, hamli.

Alikuwa amejipanga kweli.

"Watazaana," mama akasema.

"Mama, wangu ni jike. Naleta jike mwingine."

"Na chakula?"

"Majani na maganda tu. Sahani ya mtu siigusi."

Akaeleza kwamba dende ni mnyama wa kundi, peke yake ananyong'onyea. Hapo nilimuunga mkono. Nikaongeza kuwa majani mabichi ni lazima kila siku, maana mwili wa dende, kama wetu, hautengenezi vitamini C. (Mama alinitazama kama mtu aliyehongwa.)

Papa ndiye alikuwa mgumu. Mzee huyu aliacha mama yake mzazi ng'ambo. Hakutaja harufu wala nafasi kwenye hema.

"Hapa ni pa kupita. Siku ya basi la Mahama wakikataa wanyama, utalia mara mbili."

Tukanyamaza.

"Papa, huyu mmoja nitamlilia tu. Wakiwa wawili, nikiwaacha, hatabaki peke yake."

Papa akaomba siku mbili. Ya tatu akaniuliza kama ofisini kuna katoni tupu, kubwa kidogo.