Matete ya Bustanini Kwangu

Kiangazi cha kwanza baada ya kununua nyumba hapa Scarborough, mashariki mwa Toronto, mfanyakazi mwenzangu aliniletea mche kwenye mfuko wa plastiki. Ni nyasi ndefu, alisema. Mwezi wa tisa zitatoa mashuke meupe yanayong'aa kama fedha. "Ukitaka nyingine njoo uchimbe, ninazo tele." Hapo ningejiuliza: mmea una nini hadi mwenyewe augawe bure kwa mifuko?

Sikujiuliza, kwa sababu nilikwishaona matete. Nimekulia Ukerewe, na upepo ukipita kwenye matete ya Ziwa Victoria, kwangu hiyo ndiyo sauti ya nyumbani. Nikazipanda kando ya uzio, mahali ninapoziona nikiwa jikoni. Mwaka wa pili zikanizidi kimo. Nikampelekea Mama picha, nikijisifu.

Mwaka wa tatu, mwezi wa tano, mzee jirani akaniita uzioni. Ni Mreno, na upande wake amekuwa akipanda nyanya tangu kabla sijafika Kanada. Katikati ya miche yake vilikuwa vimechomoza vichipukizi vyenye ncha kama sindano, zaidi ya ishirini. Hakufoka. Alisema tu, "Hivi ni vyako." Bora angefoka.

Usiku huo ndipo nilipotafuta jina lake, jambo nililopaswa kulifanya kabla ya kupanda. Ni Miscanthus sacchariflorus, nyasi za Asia ya Mashariki. Binamu yake, Miscanthus sinensis, hukua kwa shada, japo naye anaweza kusambaa kwa mbegu. Huyu wangu hutambaa chini kwa chini kwa mashina yanayopita udongoni, na kipande kidogo tu kikibaki, huchipua upya. Nikajifunza pia kwamba yale matete ya Ulaya, Phragmites australis, tunayoyaona mitaroni kando ya barabara kuu, tangu 2016 sheria ya Ontario inakataza kuyauza wala kuyapanda.

Nikampigia Mama. Nilipomaliza kumweleza akacheka. "Mwanangu, huo ni ukoka uliovaa kilemba." Kisha akanyamaza kidogo. "Na wewe umeyaona magugu maji kwa macho yako."

Hilo lilinichoma. Nilikuwa mtoto miaka ya 90, magugu maji yalipoziba mwalo wetu hata mitumbwi ikashindwa kutoka. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na watu waliyasambaza duniani kwa sababu ya maua yake ya zambarau. Mimi, mtoto wa ziwa lile, nimepanda ya kwangu kwa ajili ya mashuke.

Tulichimba wiki mbili, mimi na binti yangu wa miaka kumi na mmoja. Mama alituelekeza kama vile tuko shambani: usikate kwa jembe, maana utakuwa unazidisha miche, tumia uma, nyanyua udongo, okota kila kamba. Hatukutia kitu kwenye mboji. Mizizi yote tuliifunga kwenye mifuko myeusi, tukaiacha juani wiki kadhaa hadi ikaoza, ndipo tukaitupa kwenye taka. Upande wetu tukaufunika kwa turubai msimu mzima. Kwa mzee tulichimba kwa mikono, yeye akiwa amesimama juu yetu akilinda nyanya zake.

Siku moja binti akaniuliza, "Baba, wanaandika 'mimea vamizi kutoka nje'. Kwani na sisi si tumetoka nje?"

Niliacha uma. Nikamwonyesha nyanya za mzee: nazo zimetoka Amerika ya Kusini, kama magugu maji. Kutoka nje si kosa. Kosa ni kutomwachia mwenzako nafasi. Na nyasi hazijui kwamba kuna jirani. Aliyejua ni mimi, niliyezipanda.

Turubai lilipotoka tulipanda nyasi za asili ya huku, ziitwazo little bluestem. Hukaa kwa shada na hazitambai, na vuli ikifika hugeuka rangi ya shaba. Ukitaka kuziona kabla ya kununua, nenda High Park, ambako mji huchoma sehemu za mbuga kwa makusudi wakati wa machipuo ili nyasi na mialoni ya asili vistawi. Binti alipoona majivu nikamwambia hata kwetu nyasi huchomwa.

Mzee hajawahi kusema amenisamehe. Mwezi wa nane uliopita aliniletea mfuko wa nyanya. Machipuo haya amekuta vichipukizi viwili tu. Aliving'oa na mizizi yake, akavilaza juu ya uzio, upande wangu, nivione. Kwa hiyo kila Jumamosi, kabla ya chai, nazunguka uzioni nikikagua, kwangu na kwake.