Baruti Juu ya Mizani

Ami yangu mpenzi,

Ujumbe wako wa sauti nimeupata, na swali lako nimelisikia: eti ni kweli Mmarekani wa kawaida hujitengenezea risasi nyumbani kwake, na serikali inatazama? Ni kweli. Jirani yangu hapa Boise, jimbo la Idaho, ni mmoja wao. Kwa kuwa najua barua hii itasomwa barazani kwa sauti, nitaeleza kwa urefu ili ubishi uishe.

Mzee huyu ni seremala mstaafu. Silaha yake ni bastola ya silinda, ile yenye matundu sita yanayozunguka, ya kipimo kiitwacho .44 Magnum. Si bastola ya kuficha kiunoni. Ni pande la chuma hasa, na huifunga kifuani anapokwenda kuvua kwenye mito ya milimani, kwa kuhofia dubu. Risasi za dukani ni ghali, kwa hiyo kila ganda la shaba lililokwisha kupigwa hulirudisha mfukoni, akalisafisha, na majira ya baridi hujifungia gerejini kuyajaza upya.

Nimekaa naye nikatazama. Ganda hutiwa kwanza kwenye kalibu ya chuma, likabanwa kwa mashini ya mkono, maana moto wa baruti huwa umelitanua. Likitoka limerudi kipimo chake, na fataki ya zamani, ile inayowasha baruti, imeshadondoka. Fataki mpya ikishakaa, inafuata baruti, na hapo mzee hubadilika. Redio huzimwa. Simu huachwa ndani. Mezani hubaki chombo kimoja tu cha baruti, isije ikachanganyika na ya aina nyingine. Hupima kwa greni, na greni kumi na tano na ushei ndizo gramu moja. Mizani yake ni ndogo, na huitazama kama sonara wa Amu anavyotazama dhahabu ya bibi harusi. Maganda yaliyokwisha kutiwa baruti huyasimamisha kwenye ubao wenye vishimo, akayamulika kwa tochi moja baada ya jingine, kwa sababu lililojazwa mara mbili linaweza kupasua silinda na mkono ulioishika.

Mwisho ni kichwa cha risasi, chenye uzito wa gramu 15 hivi. Hukishindilia mahali pake, kisha mdomo wa ganda ukabanwa ukikamate barabara. Nilimuuliza kwa nini anakaza kiasi hicho. Akasema bastola hii inaporuka mkononi, risasi zinazongoja zamu yake kwenye silinda nazo hutikiswa. Ikilegea moja, kichwa chake huchomoka kikachungulia mbele, silinda ikagoma kuzunguka. Na dubu huyo anakuja.

Kwa risasi za matumizi yake mwenyewe, sheria ya serikali kuu ya Marekani haimdai jirani yangu leseni. Akitaka kutengeneza za kuuza, hapo lazima awe nayo. Kwetu Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimruhusu raia kufanya hivyo, na risasi za serikali hutoka kwenye kiwanda chake kule Eldoret. Tena hiyo .44 Magnum yenyewe ilianzia kwenye meza kama ya jirani yangu. Elmer Keith, mfugaji wa ng'ombe wa mji wa Salmon katika jimbo hilihili, alikuwa akijaza mwenyewe risasi za .44 Special kwa nguvu kuliko za dukani, akawa anawashikilia wenye viwanda miaka na miaka, mpaka kufikia 1956 Smith & Wesson na Remington wakawa wametoa bastola na risasi aliyoitaka. Keith alifika pia kuwinda Afrika Mashariki, na mwaka 1968 akatoa kitabu alichokiita Safari.

Lakini ami, nikimtazama jirani yangu akili yangu huenda kule kwetu, Siyu. Watu wa huko waliolikabili jeshi la Sultani Sayyid Said miaka ya 1840, wakalirudisha Unguja bila amiri wake, walikuwa na magobori. Mwenye gobori hakuwa na risasi ya kununua ikiwa tayari. Alimimina baruti mtutuni, akatia kitambaa na risasi, akashindilia kwa mdeki, na kila mlio ulikuwa kazi ya mikono yake. Mwaka 1890 mataifa, mengi yao ya Ulaya, yalitia saini Mkataba wa Brussels, yakazuia bunduki za kisasa na risasi zake zisiuzwe katika sehemu kubwa ya Afrika, ila gobori la kuwashwa kwa jiwe na baruti ya kawaida viliweza kuuzwa kwa kibali. Oktoba ya mwaka huohuo askari wa manowari za Waingereza wakauchoma mji wa Witu. Mkataba ule ulipangwa na waliobaki na bunduki bora, na mimi siwezi kuusoma kwa jina jingine lolote ila dhuluma.

Hata hivyo naamini mtu aliyeipima baruti kwa mkono wake hupiga kwa uchache na kwa kufikiri. Risasi zilizomwagwa katika shambulio la Mpeketoni Juni 2014, nani kati ya waliozipiga alijua zilijazwa wapi? Wafu walizikwa, kisha ikaja amri ya kutotoka usiku, na wavuvi wa Faza na Kizingitini, ambao hawakugusa bunduki, wakakatazwa bahari ya usiku na riziki yao ikakatika. Amu imelipia silaha za watu wengine mara nyingi mno. Kwa hiyo asisimame mtu barazani akasema kijana wetu anataka sheria ya Marekani iletwe kwetu. Siitaki. Mapenzi yangu ni kwa ule uangalifu, na huo ulikuwepo Siyu kabla Idaho haijaitwa Idaho.

Ndiyo maana nina ombi. Ukivuka kwenda Siyu, kaa na wazee wa ukoo wa mafundi, wale wa visu na makubadhi, uwaulize gobori lilijazwaje: baruti ilipimwa kwa pembe, kwa kifuniko au kwa kiganja? Risasi ziliyeyushwa kwenye kalibu ya nani? Fataki zilipokuja, nani aliyatengeneza magobori ya jiwe upya yazipokee? Warekodi kwa simu wakiwa hai, kila mmoja kwa sauti yake, hata wakipingana. Jirani yangu nilimsimulia habari za Siyu, akaacha kazi, akaniuliza mafundi wale walikadiriaje baruti bila mizani. Nimemwahidi jibu.

Nisalimie nyumba nzima.

Mwanao,
Boise