Nyumba ya Ng'ambo na Nikaha Isiyoandikwa



Nimesomesha faraidhi zaidi ya miaka thelathini, na siku hizi swali linalonijia mara kwa mara ni la nyumba zilizoko Uingereza. Vijana wetu wamehamia huko, wamenunua, na mauti hayachagui nchi.

Mjane mmoja, binti wa mtaani kwetu, aliolewa London. Nikaha ilisomwa sebuleni. Walii yupo, mashahidi wawili wapo, mahari yametajwa. Kisharia ni ndoa kamili. Mumewe akafa bila ya wasia, na nyumba iko kwa jina la mume peke yake. Akaniuliza, "Sheikh, fungu langu si thumni?" Ni thumni, kwani wana watoto, limetajwa katika Suratun Nisaa, aya ya 12. Lakini mirathi ya nyumba iliyoko England hukatwa kwa sheria ya England (Scotland wana yao). Huko ndoa haina budi ifungwe kwa utaratibu wa Sheria ya Ndoa ya 1949, na mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ilikata kuwa nikaha peke yake si ndoa mbele ya sheria hiyo. Basi nyumba ni ya watoto, na mama yao abaki kwenda mahakamani kuomba masurufu, kama mpangaji.

Lau angaliolewa Mombasa mbele ya kadhi, kwa cheti, ndoa ingalikubaliwa huko. Hapo lingezuka jingine: mke huchukua pauni 322,000 za mwanzo, kiwango cha tangu Julai 2023, na nusu ya kilichozidi, nusu ya pili ni ya watoto. Mama wa marehemu, mwenye sudusi yake, hapati hata kijiko.

Wako wasemao kuandika wasia kwa ajili ya warithi ni haramu, maana Mtume (S.A.W.) amekataza wasia kwa mrithi. Makatazo ni ya kumzidishia mrithi juu ya fungu lake. Karatasi isemayo mali igawanywe kwa mafungu ya Qur'ani haimzidishii mtu. Mimi naiona ni wajibu kwa mwenye nyumba huko. Na kwenda ofisini kuandikisha ndoa hakuivunji nikaha.

Wasia wenyewe, kwa sheria yao ya 1837, uandikwe, utiwe saini mbele ya mashahidi wawili waliopo pamoja, nao watie zao. Shahidi asiwe mrithi wala mume au mke wa mrithi, kwani alichoachiwa huanguka. Na mwenye kuoa kwa sheria yao baada ya kuuandika, aandike mwingine. Ndoa hiyo huufuta ule wa kwanza.