Barua kutoka Lancaster: Wanangu Wanasomea Jikoni

Dada mpendwa,

Mama ameniambia kwenye simu kwamba umekasirika. Ati wewe mwalimu wa darasa la kwanza, uliyewafundisha kusoma nusu ya watoto wa mtaa wetu hapo Musoma, una watoto wa mdogo wako wasiokwenda shule, tena Marekani. Akaongeza kwamba ningekuwa karibu ungeshanifikisha kwa mtendaji wa kata. Basi nisikilize kwanza.

Wanasoma. Mkubwa ana miaka saba, anayemfuata mitano, na huyu wa mgongoni kazi yake ni kutafuna kalamu za rangi. Tunakaa jikoni kwa sababu ndiko kwenye joto. Hapa kumfundisha mwanao nyumbani ni halali katika majimbo yote 50, ingawa uhalali huo si wa zamani: miaka ya 1980 bado kulikuwa na wazazi waliofikishwa mahakamani, na Michigan ilikuja kulegeza mwaka 1993. Ujerumani mpaka leo hawataki kusikia. Wazazi wa Kikristo wa huko walilalamika hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, na mwaka 2006 wakaambiwa nchi yao ina haki ya kudai mtoto aende shule.

Wala usidhani huku hakuna mtendaji. Hapa Pennsylvania wanapenda karatasi. Kwa sheria yao ya 1988, kila mwaka kabla ya tarehe 1 Agosti napeleka kiapo cha maandishi kwa mkuu wa elimu wa wilaya: kwamba nina cheti cha sekondari, kwamba watoto wamechanjwa, kwamba hakuna mtu mzima humu ndani aliyehukumiwa kwa makosa fulani, na kwamba haya ndiyo nitakayofundisha. Siku 180 kwa mwaka, au saa 900. Naandika vitabu tulivyosoma, natunza kazi zao kwenye faili, na mwisho wa mwaka mwalimu mwenye leseni anakaa na mtoto, anamhoji, anapekua faili na kuandika maoni yake. Wakifika darasa la tatu kuna mtihani. Kuna hata somo la hatari za moto, limetajwa wazi ndani ya sheria. Tangu tulifundishe, mkubwa hanipi nafasi. Nikigeuka tu kuchukua chumvi, ananiuliza nani anaangalia sufuria.

Ukivuka mto Delaware kuingia New Jersey, hawakuulizi lolote. Wenzangu wengi wanaionea wivu New Jersey. Mimi siioni raha hiyo. Mtoto aliyefungiwa ndani, asiyejulikana na mtu yeyote nje ya wazazi wake, anaweza kunyimwa masomo, na hata chakula, bila jirani kujua. Yule mwalimu anayekuja na miwani yake kupekua faili langu simwoni adui, na chai namwandalia.

Ngoja nikueleze asubuhi yetu, maana najua hilo ndilo unalotaka kulijua. Tunaanza kwa wimbo na sala, halafu namsomea mkubwa hadithi, mara moja tu. Nikimaliza nafunga kitabu, naye ananisimulia. Juzi ilikuwa Yona. Akaanza vizuri, Mungu kamtuma Ninawi, Yona hataki, kaenda bandarini. Halafu: "Akapanda boti ya Mwanza, akalipa nauli, akalala." Nikamwacha. Dhoruba ikapiga, mabaharia wakatupa mizigo majini, magunia ya dagaa yote, na Yona akamezwa na "samaki mkubwa kuliko sangara". Mdogo wake akauliza kama sangara huyo alikuwa na miiba tumboni. Tukapoteza dakika kumi kwenye miiba. Dada, watoto hawa ziwa wameliona kwa simu tu, na hizo habari za boti na dagaa ni Mama anawapa kila Jumapili.

Mbinu hii ya kusimulia akina mama wa hapa wameipata kwa Charlotte Mason, Mwingereza aliyefungua chuo cha kufundisha walimu wa watoto huko Ambleside mwaka 1892. Masomo mafupi, vitabu vyenye hadithi ya kweli ndani yake, kutoka nje kutazama ndege na majani. Mwenyewe hakuolewa wala hakuzaa, na ndiye anayetufundisha umama. Lakini nakumbuka bibi yetu hakukubali kutupa hadithi ya pili mpaka mmoja wetu amrudishie ile ya kwanza, na Ambleside hakuisikia maisha yake yote. Kwa upande wa kusoma, nimeshika njia yako ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Sauti ya herufi kwanza, kisha silabi, kisha neno. Kiswahili kimemfungua mkubwa ndani ya miezi michache, na Kiingereza, chenye tahajia za kichaa, kimemfuata nyuma.

Sasa sababu. Kanisani watakwambia sababu ni Kumbukumbu la Torati sura ya 6, pale wazazi wanapoagizwa kuwafundisha watoto wakiwa wamekaa nyumbani na wakiwa njiani. Naipenda sura hiyo. Ila inazungumzia amri za Mungu, haigusi kugawanya kwa njia ndefu. Sababu yangu ni ratiba ya shemeji yako. Anafanya kazi ghalani zamu ya usiku. Mwaka ule mkubwa alipokwenda shule ya hapa, basi la shule lilimchukua huku baba yake ndiyo kwanza anavua viatu, na likamrudisha huku baba akijiandaa kulala kidogo kabla ya zamu. Wiki nzima walikuwa wakipishana mlangoni. Mwalimu wake alikuwa mwema, sina neno naye. Siku hizi baba akiamka saa saba mchana wanakula pamoja, wanafanya hesabu za maharage, wanafungua injini ya gari bovu. Hilo shule isingeweza kunipa hata ingekuwa nzuri namna gani.

Kuna kinachonichekesha pia, na wewe utakielewa kuliko majirani zangu. Mwaka 1934 Elam na Elizabeth Stauffer na akina Mosemann walitoka kwa Wamennonite wa Lancaster hii hii wakaja kufungua kituo Shirati. Kanisa lao na shule yao vikaingia Mara kwa mlango mmoja. Baba yetu alijifunza Injili na herufi kwa mwalimu yule yule. Watoto wao wenyewe wamisionari waliwajengea shule karibu na Musoma mwaka 1947, ndiyo iliyohamia Nairobi baadaye ikawa Rosslyn Academy. Leo nakaa kanisani na wajukuu wa kizazi kile, na baadhi yao wanaona ucha Mungu ni kumtoa mtoto shuleni. (Waamishi, wale wa magari ya farasi, hawamo humo. Wao wana vishule vyao vya chumba kimoja, na mwalimu mara nyingi ni binti ambaye hajaolewa.)

Nikiwa nao siwezi kuisema shule vibaya. Nitaanzia wapi? Jirani yangu wa ghorofa ya chini ni mama wa Kikongo aliyekaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka mingi kabla ya kuletwa huku. Aliposikia watoto wangu hawapandi basi la shule alinitazama kama nimeshikwa homa. Kwake shule yenye chakula cha mchana, vitabu vya bure na basi la njano mlangoni ni muujiza, na sina hoja ya kumpinga. Jumamosi watoto wake wanakuja jikoni kwetu kusoma Kiswahili, wangu wanashuka kwake kucheza mpira na kula fufu.

Usidhani pia hili ni jambo la Wazungu watupu. Ofisi ya Sensa ilipouliza mwaka 2020, wakati wa korona, kaya zinazofundisha nyumbani zilipanda ndani ya miezi michache kutoka asilimia 5.4 hadi 11.1. Kwa kaya za Weusi zilipanda kutoka 3.3 hadi 16.1. Katika kikundi chetu cha Jumanne, kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, mama mmoja Mmarekani Mweusi anatufundishia sayansi, mimi nafundisha kuimba. Yeye alimtoa kijana wake shuleni baada ya kuchoka kuitwa ofisini kila wiki kwamba mtoto hatulii.

Ila kuna mazungumzo kwenye kile kikundi yananiwasha. Kwamba mama Mkristo mahali pake ni nyumbani, kwisha. Wanataja Mithali 31, nami huwauliza kama wamefika pale yule mwanamke anapochunguza shamba na kulinunua, na kuuza mishipi kwa wafanyabiashara. Mama aliuza dagaa Mwigobero kuanzia alfajiri, akatulea sita, na sala ya jioni hatukuikosa. Ukimweka Mama kwenye mizani ya wanawake hawa atakuwa amepungukiwa, na mizani ya namna hiyo siitambui.

Tena wanazungumza kama gharama ni ya vitabu. Vitabu ni rahisi, maktaba ya mji inaazimisha rundo zima. Gharama ni mshahara wangu. Niliacha kazi ya kulea wazee, na ndiyo maana tangu Juni mnachokipata kimepungua. Najua ada ya kijana wako wa kidato cha tano imekuumiza kichwa, na najua hukutaka kuniuliza. Kwa hiyo ninapofundisha hawa wangu nyumbani, mtoto wako naye anachangia, na hakuna aliyemwuliza. Nimepata zamu za Jumamosi na Jumapili jioni kuanzia mwezi ujao, shemeji yako atabaki na watoto. Ada ya muhula wa pili niachie mimi.

Mkubwa akifika darasa la tatu tutakaa chini tena, mimi na baba yake, tuamue. Huenda akapanda basi. Wa pili simwoni kabisa kama mtoto wa jikoni, anataka watu ishirini wa kubishana nao.

Mpwa wa mchungaji anakuja huku Agosti. Naomba umpe vitabu vya Kiswahili vya darasa la pili, viwili viwili, maana cha kwanza huchanwa. Na kama una zile kadi zako za silabi ulizoandika kwa mkono, nitumie picha kwanza, usizitoe darasani kwako, wenye kuzihitaji huko ni zaidi ya mia.

Wasalimie wote,
Mdogo wako