Msumeno, Mbao za Plastiki na Riziki ya Fundi



Baadhi ya wazazi hapa Wandegeya wameshangaa kutusikia sisi walimu wa madrasa tukizungumza habari za misumeno. Wasishangae. Wengi katika vijana tuliowasomesha juzuu hawakupanda kilima kuingia Makerere. Wameshika useremala huko Kalerwe, Bwaise na Ndeeba, na ndio wanaowalipia wadogo zao ada ya shule. Likitokea jambo linalokula ujira wao, limetufikia na sisi.

Jambo lenyewe ni hizi mbao za kompositi, yaani zile zinazotengenezwa kiwandani kwa unga wa mbao uliochanganywa na plastiki, ambazo siku hizi hutandikwa kwenye baraza za hoteli na za nyumba za wenye uwezo. Zinasifiwa kwamba mchwa hawazili, na mvua zetu za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba haziziozeshi upesi. Sifa hizo kwa sehemu kubwa ni za kweli. Lakini fundi anayelipwa kwa siku hununua bledi kwa fedha zake mwenyewe, na bledi moja nzuri yaweza kumeza ujira wa siku mbili tatu. Kijana wetu mmoja alimaliza bledi mbili kabla baraza moja haijafika nusu. Alipotujia na kusema, "Ustadhi, kazi hii nimeifanya bure," tuliona ni wajibu wetu kuuliza, kusoma, na kwenda kukaa naye kwenye kazi tujionee.

Watu wengi hudhani bledi hufa kwa sababu mbao hizi ni ngumu. Sivyo. Ubao wa kompositi ukiukwaruza kwa msumari unaacha alama. Kinachoua meno ni kile kilichomo ndani yake. Mafundi wa mvule wanaijua habari hii tangu zamani: ndani ya mti ule huweza kuota jiwe, nalo ni chokaa iliyoganda humo mtini, na msumeno ukilipiga, meno huharibika papo hapo. Ila jiwe la mvule hukaa mahali pamoja, na mara nyingi mbao inayolizunguka huwa nyeusi zaidi, hivyo mwenye jicho hulishuku mapema. Katika kompositi, viwanda vingi huongeza chokaa iliyosagwa, au talki, jiwe laini lile lile la poda ya watoto. Vingine hutumia makapi ya mpunga mahali pa unga wa mbao, na hapo ndipo penye taabu kubwa. Makapi ya mpunga yakichomwa, takriban sehemu moja katika tano ya uzito wake hubaki majivu, na majivu hayo karibu yote ni silika, ambayo ndiyo asili ya mchanga. Mama zetu waliosugua masufuria kwa mchanga na majivu wanajua kazi yake. Sasa chembe hizo zimeenea ubao mzima. Hakuna mahali pa kukwepa.

Kisha kuna joto. Plastiki inayotumika sana ni jamaa ya ile ya mifuko tunayoiita kaveera, nayo huyeyuka kwenye nyuzi kati ya 110 na 130 hivi za Selsiasi. Jino linaloparuza badala ya kukata hufika huko haraka sana. Plastiki inayeyuka, inaganda juu ya jino, na jino lililovikwa plastiki linazidi kuparuza. Fundi anasema bledi imekufa, kumbe imechafuka tu. Tulimwomba kijana wetu azilete zile bledi zake mbili "maiti". Tukazilowesha kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni, tukazisugua taratibu kwa mswaki mkuukuu. Moja ilirudi kazini siku ile ile. Ya pili haikufufuka. Ilikuwa ya chuma kitupu, na ncha za meno yake zilikuwa zimekuwa mviringo kama punje za mtama.

Basi la kwanza ni hilo: bledi ya chuma kitupu, ile ambayo babu zetu waliinoa kwa tupa, haifai kwa kazi hii. Inatakiwa yenye ncha za kabaidi ya tungsteni. Maada hii ilianza kuuzwa na kampuni ya Krupp ya Ujerumani katika miaka ya 1920 kwa jina la Widia, maana yake kwa Kijerumani "kama almasi", na jina hilo halikutiwa chumvi nyingi. Dukani usitosheke na maandishi ya kwenye boksi. Itoe bledi, itazame kwenye mwanga: kila jino liwe na kipande kidogo cha kijivu kilichounganishwa, chenye rangi tofauti na chuma kingine, na mstari mwembamba wa kiungo uonekane. Ukikuta jino na bamba ni kitu kimoja kilichopakwa rangi, irudishe. Zipo pia bledi zenye ncha za almasi ya kiwandani, ambazo hudumu mno katika kazi za namna hii, lakini bei yake ni ya kampuni, si ya kijana wa Bwaise.

Kuhusu idadi ya meno, mafundi hubishana. Kwa msumeno wa mkononi wa bledi ya inchi 7 na robo, sisi tunaona meno kama 40 ndiyo wastani mzuri. Machache sana yanararua ukingo, mengi sana yanakosa nafasi ya kutoa takataka, na takataka isiyotoka inakuwa joto. Ukipata bledi ambayo jino moja ni bapa na la pili limekatwa pembe zake, chukua hiyo, maana jino lenye pembe butu hustahimili mchanga kuliko lenye ncha kali.

Mkono wa fundi nao una sehemu yake. Wengi wakiambiwa "usichome bledi" wanasukuma polepole, wakidhani wanaihurumia. Ni kinyume. Jino likisogezwa kwa woga halipati kipande cha kuuma, linasugua tu mahali pamoja. Acha mashine ifike kasi yake kamili kabla ya kugusa ubao, kisha sukuma kwa mwendo mmoja bila kusimama katikati ya mkato. Bledi itokeze chini ya ubao kwa milimita 6 hivi, isizidi sana. Ubao uegemezwe pande zote mbili za mkato usije ukaibana bledi. Bledi butu iliyobanwa huurusha msumeno nyuma, na vidole havinunuliwi dukani.

Hapa kwetu kuna mambo mengine mawili ambayo vitabu vya wenzetu havitaji sana. Moja ni waya. Tuliona mashine ikivutiwa umeme kwa waya mwembamba mrefu kutoka nyumba ya jirani. Umeme ulifika dhaifu, mota ikalegea kila ilipoingia kwenye ubao, na mkato ukanuka plastiki iliyoungua. Waya mnene na mfupi ulimaliza nusu ya tatizo. La pili ni vumbi letu jekundu. Mbao zilikuwa zimelazwa juu ya murram, na kila moja ilifika kwenye msumeno na mchanga wake. Kitambaa chenye maji na dakika moja ya kufuta ni rahisi kuliko bledi.

Vijana wetu huja darasani na kuisoma aya ya kuandikiana madeni, kisha wanakwenda kupatana kazi kwa mdomo. Kwenye kazi ya kompositi iandikwe kabisa: bledi ni za nani, ngapi, na ikiisha njiani nani ananunua. Mteja mwenye uwezo wa baraza hiyo hatashindwa na bledi mbili, ila akiombwa kazi ikiwa imekwisha ataona anaibiwa.

Na akina mama, unga unaotoka kwenye mbao hizi msiuchukue. Tumezoea kuchota unga wa mbao kwa fundi tukaupeleka jikoni kwenye jiko la unga, au kuutandika kwenye banda la kuku. Huu ni plastiki. Moshi wake ni mbaya kwa watoto, na kama mbao ni ya aina ya PVC moshi huo hutoka na asidi. Fundi avae barakoa, afagie, aufunge kwenye gunia na kuupeleka kwa wazoa taka, wala asiusukumie mtaroni, maana mitaro yetu inateremka Nsooba hadi Bwaise, na watu wa Bwaise wana mafuriko ya kuwatosha.